Mstari Niliouchora kwa Rula

Nasimiyu alifika kwangu Tuwan Jumapili mchana akiwa na begi moja dogo na mto wake wa kulalia, kana kwamba mimi sina mito. Kabla hata ya kuketi alitoa kadi yake ya hospitali akaisimamisha kwenye kabati la vyombo, ikiegemea birika, mahali ambapo kila anayechukua kikombe lazima aione. "Wiki tano, dada," alisema. "Jumatatu mpaka Ijumaa, naenda Eldoret asubuhi, narudi mchana. Wikendi napumzika. Utanivumilia?" Nikamwambia aache upuzi, anawe mikono tule. Nilikuwa nimepika mrenda na kunde na ugali wa wimbi, chakula tulichokulia. Alikula kwa mkono wa kushoto na akaomba msamaha, maana wa kulia ulikuwa bado mgumu tangu wamtoe titi. Nilimtazama akimega ugali polepole kwa mkono usiozoea. Mdogo wangu ni mwalimu, ana watoto wawili, na bado ni kijana. Nilitaka kumuuliza kama anaogopa, lakini nikamuuliza kama chumvi inatosha.

Siku ile nilipomaliza kuosha vyombo niliinama chini ya kitanda nikatoa kopo la kakao ambalo nimehama nalo nyumba nne. Ndani yake mna vitu vichache, na kimojawapo ni kadi nyingine, ya kijani, iliyokunjika kati na kulegea kama kitambaa. Ina viboksi ishirini na vitano. Ishirini na kimoja vimetiwa alama. Vinne ni vitupu. Sijawahi kumwonyesha mtu kadi hiyo, wala sijawahi kumweleza mtu yeyote, hata huyu aliyekuwa amelala chumba cha pili na mto wake, kwa nini vile vinne huniamsha. Nimeamua kuandika juu ya mwaka ule kwa sababu kadi mbili sasa ziko katika nyumba moja, na mimi ndiye ninayezijua zote.

Mwaka ule nilikuwa na miaka kumi na saba na nilisoma Fomu Tatu kwa muhula mmoja. Baba alikuwa amefariki zamani, hayo niyaache. Mama alikuwa amekatwa titi la kushoto, akamaliza dawa za mshipani zilizomtoa nywele zote, na daktari akasema sasa imebaki mionzi. Nyumbani kwetu ni Bungoma, upande wa Chwele, na kutoka huko hadi Eldoret kila siku mgonjwa hawezi. Ikaamuliwa tukae Kibomet, hapa Kitale, kwa dada yake Baba ambaye tulimwita Senge, kama tunavyowaita shangazi wote kwetu. Nasimiyu aliyekuwa darasa la sita na kitinda mimba wetu Barasa walibaki na Kukhu, mama mzaa Baba. Mtu alihitajika wa kufuatana na Mama, na nyumba yetu haikuwa na mtu mwingine mkubwa. Nilisema nitarudi shuleni muhula unaofuata. Nilikunja sketi yangu nikaiweka ndani ya sanduku pamoja na soksi zake, na ilipotoka humo ilikuwa ni ya kupunguzwa kiuno ili Nasimiyu aivae.

Chumba cha Senge kilikuwa kimoja kirefu, kilichogawanywa na pazia la maua ya manjano. Upande wa nyuma kulikuwa na kitanda, ambacho alimwachia Mama bila kuulizwa, na upande wa mbele kulikuwa na makochi mawili, jiko la makaa mlangoni na karai kubwa la kukaangia mandazi. Senge aliuza mandazi barazani, na harufu ya mafuta na iliki iliingia katika kila nguo yetu. Mimi nililala kwenye godoro sakafuni, kando ya kitanda cha Mama, hivi kwamba akiteremsha mkono ulinigusa. Asubuhi Senge alikanda unga huku akizungumza na jirani yake aliyekuja kununua mandazi mawili na kukaa saa nzima. Waliongea kwa sauti ya chini, ile ambayo watu wazima hudhani haipiti pazia. "Sasa hiyo mashine inamfanya nini?" "Inampika kansa ikiwa ndani." "Na yeye haivi?" "Anaiva kidogo. Lakini si hata maziwa lazima uchemshe ndio uwe salama? Ndio hivyo." Mama alikuwa amelala macho wazi akisikiliza. Aliniangalia chini akanong'ona, "Umesikia? Mimi ni maziwa." Tukacheka tukiwa tumeziba midomo, hadi akaanza kukohoa.

Maziwa ndiyo yaliyotupeleka kweli. Mzee Kirui, muumini mwenzake Senge kanisani, alikuwa na pikapu ya kubeba maziwa kutoka kwa wafugaji hadi kiwandani Eldoret, na alikubali kutuchukua kila alfajiri. Alikuwa na mikebe kumi na miwili. Siku ya kwanza aliihesabu kwa kidole, akafika kwa Mama aliyekuwa amesimama na leso mbili mabegani, akasema, "Na huu wa kumi na tatu. Mama Naliaka, wewe unakaa mbele. Usimwagike." Tangu siku hiyo hakumwita jina jingine. "Mkebe wangu umeamkaje?" Mama alimjibu kila mara, "Umejaa, Mzee." Mimi nilikaa nyuma katikati ya mikebe, chini ya turubai, na kupitia kioo kidogo niliona kisogo cha Mama kilichofungwa kitambaa. Alikuwa akikohoa huko mbele, na Mzee Kirui akinyoosha mkono kumfungia dirisha. Sote tulisema ni baridi ya alfajiri. Kikohozi hicho nakitaja hapa mapema kwa sababu wakati ule hatukukihesabu.

Siku ya kwanza hospitalini hawakuwasha mashine. Walimlaza kwenye meza nyembamba, wakapima, wakaitana, wakapima tena, na alipotoka alikuwa amechorwa. Mistari ya zambarau ilipita chini ya shingo, ikashuka katikati ya kifua, ikazunguka chini ya kovu na kupanda kwapani, na kwenye kila kona palikuwa na msalaba mdogo. Mama alifungua leso anionyeshe. "Wamenipima kama shamba," alisema. "Wamebakisha tu kuweka bikoni za mpaka na kunipa hatimiliki." Aliyemchora alikuwa mama wa makamo, mnene, mwenye miwani iliyoning'inia shingoni, na wote pale walimwita Madam. Alinivuta kando. "Wewe ndiye unakaa na yeye? Unajua kusoma? Haya, sikia. Hii mistari ndiyo inatuambia tupige wapi. Hapa ndani ya mistari usioshe. Maji hapana, sabuni hapana, mafuta hapana, hata yale ya kuombewa. Kwingine kote muoshe na kitambaa. Na asikose siku hata moja, kwa sababu hiyo kitu ukiipatia nafasi inapumua." Akanipa kadi ya kijani. "Kila siku akitoka, tia alama. Wewe ndiye askari wa hii mistari, sawa?" Nilikuwa kiranja wa darasa hadi wiki iliyotangulia. Nikasema sawa, na nilimaanisha.

Kila siku Mama aliingia peke yake nyuma ya mlango mnene kuliko ukuta, na mimi nikabaki kwenye benchi na viatu vyake. Hazikupita dakika kumi. Nilimuuliza inauma vipi. Akasema haiumi, ni sauti tu, kama mtu anayesaga mahindi nyumba ya tatu. Alisema akiwa mle huwa anataja majina yetu polepole. "Naliaka. Nasimiyu. Nikifika kwa Barasa, inazima." Wiki ya kwanza ilipita hivyo, na ya pili. Katika wiki ya tatu ngozi ilibadilika. Ilikuwa nyeusi kuliko mwili wake, ikakauka na kukaza, na kwapani ikaanza kubanduka kama ganda la kiazi kilichochemshwa. Ilimuwasha hadi alikuwa akikunja ngumi ili asijikune. Na ilinuka. Siyo sana, lakini Mama alikuwa mwanamke ambaye Jumapili aliosha hata nyayo za viatu. Alianza kukaa mbali na wageni wa Senge. Kwenye pikapu alimwomba Mzee Kirui afungue dirisha, hata akiwa anakohoa. Mimi nilimpangusa shingo, mgongo na mikono kwa kitambaa chenye maji, nikizunguka ile mistari kama mtu anayefagia kuzunguka kuku aliyeatamia. Nilijua kila kona yake. Ningeweza kuichora nikiwa nimefumba macho, na hicho ndicho kilichoniponza.

Alama ya kumi na nne niliitia siku ya Ijumaa. Tuliporudi Kibomet mchana tulimkuta Senge ameketi barazani, unga umekandwa na haujakatwa, simu iko mapajani. Kukhu alikuwa amefariki asubuhi hiyo, akiwa ameketi akichambua maharagwe, na Nasimiyu ndiye aliyemkuta. Senge alikuwa ameshafunga nguo. Nilitaka kulia lakini kitu cha kwanza kilichonitoka mdomoni ni, "Jumatatu tutakuwa tumerudi?" Senge alinitazama. "Mama yangu amekufa, Naliaka." "Najua, Senge. Pole. Lakini Madam alisema asikose siku." "Sasa hiyo mashine itahama? Si itakuwa hapo hapo? Mke wa mwana wa kwanza wa boma, mama mkwe anazikwa, yeye ako Eldoret analala kwa meza. Watu watasema ni yeye tumezika." Alisema hivyo akilia, na sikuweza kumkasirikia. Mama ndiye aliyekata shauri. "Yule mama alinipa sufuria yangu ya kwanza," alisema. "Alinishika mkono nikimzaa Naliaka. Nitaenda. Ni wikendi tu."

Haikuwa wikendi tu. Baba mdogo alikuwa kazini mbali, na wazee wakasema hawezi kuzikiwa mama yake asiwepo, kwa hivyo mazishi yakasogezwa hadi Jumamosi ya wiki iliyofuata. Na kwetu mazishi hayaishi kaburini. Siku ya tatu jamaa wote wa karibu hunyolewa nywele, na katika boma letu hakuna aliyetoka kwenda popote kabla ya kunyolewa, na aliyenyolewa lazima aoge mwili mzima siku hiyo hiyo, ili aache matanga pale na asiyabebe. Jumatatu ya kwanza nilihesabu: siku moja imepotea. Jumanne, mbili. Nilikuwa nikipika chai ya waombolezaji kwenye sufuria kubwa, moshi machoni, nikihesabu. Nilimfuata Baba mdogo alipofika nikamweleza habari za mistari na siku. Alinisikiliza kwa upole sana, akaniambia, "Wewe ni mtoto mzuri. Mwache mama yako amlilie mama yake." Ilipofika Jumanne ya kunyolewa zilikuwa zimepotea siku saba.

Walimnyoa Mama akiwa ameketi kwenye kigoda mbele ya nyumba ya Kukhu. Nywele zake zilikuwa ndiyo kwanza zimeanza kurudi, laini kama za mtoto mchanga, na tangu zilipochipuka alikuwa na tabia ya kuzigusa akizungumza. Wembe ulipozipitia, wanawake waliokuwa wameketi kwenye mkeka waliacha kuongea. Hazikuwa za kujaza hata kiganja. Kisha maji yakapelekwa bafuni, kile kibanda cha mabati nyuma ya jiko, na Senge akaja na sponji na sabuni ya kipande, tayari kumwosha wifi yake kama inavyotakikana. Nikasimama mlangoni nikasema hapana. Nadhani nilipaza sauti. Senge akasema, "Unanizuia kuosha mtu wetu? Kwa sababu ya hiyo mistari?" Mama akaja katikati yetu. "Naliaka ataniosha," akasema. "Yeye ndiye anajua."

Bafuni palikuwa na jua lililopita kwenye matundu ya misumari na kumwangukia mgongoni madoa madoa. Maji yalikuwa vuguvugu, yamewekwa majani ambayo bibi za pale hutia kwenye maji ya siku hiyo, na yalinukia. Nilianza kichwani kulikonyolewa, nikashuka shingoni, mgongoni, nikamwaga maji kwa kikombe kidogo kidogo ili yasikimbie mbele. Nilikuwa mwangalifu. Nataka nikumbukwe kwa hilo, kwamba nilianza kwa uangalifu. Mama alikuwa amefumba macho. Hakuwa ameoga maji ya kumwagwa kwa karibu mwezi. Nilimwona mabega yakishuka, kitu kilichokuwa kimembana tangu mwaka uanze kikilegea, na akasema, "Na hapo, mayi." Mayi ni mama, na alituita hivyo sisi wasichana akiwa na moyo mwepesi. Nikasema, "Hapo hapana, Mama." Akasema, "Inawasha. Nimechoka kunuka mbele ya watu. Leo ni siku ya kuoga. Osha na hapo." Nikasema Madam alikataza. Alibaki ameinua uso, macho yamefumba, akingoja kama mtoto anayejua hatanyimwa. Nikamwaga maji. Nikapaka sabuni mkononi, si kwa sponji, kwa kiganja tu, nikampitishia juu ya kovu, chini yake, kwapani, polepole. Alitoa pumzi ndefu iliyokaribia kuwa wimbo. Mwaka ule mzima sikumwona na raha kama ile, na sikumwona nayo tena.

Nilipotazama chini, maji ya kwenye saruji yalikuwa na rangi hafifu ya zambarau. Mama alifumbua macho, akajitazama. "Imeenda," alisema. Nikasema, "Itarudi." Nilimfunga leso nikampeleka nyumbani mwa Kukhu, nikamlaza kwenye kitanda ambacho Kukhu mwenyewe alikuwa amekiacha siku kumi na moja tu nyuma, nikafunga mlango. Kulikuwa na rula ya mbao, kona yake moja imevunjika. Kalamu ya zambarau sikuwa nayo, kwa hivyo nilipitisha ya bluu kisha nikapitisha nyekundu juu yake. Kwenye ngozi ile iliyoungua nilichora kwa mkono mwepesi kabisa: chini ya shingo, katikati, chini ya kovu, hadi kwapani, misalaba kwenye kona. Mama aliuma midomo lakini hakusogea. Nilipomaliza aliinama akaangalia. "Umechora vizuri," alisema. "Kama mwalimu." Niliiona mistari yangu imenyooka, safi, hata mizuri kuliko ile ya kwanza, na nilijivuna. Hilo ndilo neno. Nilijivuna.

Jioni hiyo tulirudi Kibomet, na Jumatano Mzee Kirui alituchukua, akampa pole mkebe wake, na saa tatu Mama alikuwa kwenye meza. Hazikupita dakika mbili mlango mnene ukafunguliwa na Madam akaniita ndani, mahali ambapo sikuwahi kuingia. Mama alikuwa amelala na leso imefunguliwa. "Nani amechora hii?" Madam aliuliza. Mama akasema haraka, "Ni mimi." Madam akavaa miwani, akamtazama Mama, kisha akanitazama mimi. Hakugomba. Nilingoja agombe na hakugomba. Aliweka kidole ubavuni pa Mama. "Mwili hauna mstari ulionyooka, msichana wangu," alisema. "Wetu ulipinda hapa, ukafuata mbavu. Huu umepita tu. Kama singeangalia, leo ningechoma pazuri na kuacha pabaya." Akaketi kwenye kiti kidogo cha magurudumu kana kwamba amechoka ghafla. Daktari ilibidi apange upya tangu mwanzo, na wa kupangwa walikuwa wengi mbele yetu. Siku tulizokuwa Bungoma zilikuwa saba. Zile tulizongoja Kibomet kwa sababu ya kalamu yangu zilikuwa kumi na tisa. Kila alfajiri kati ya hizo nilisikia pikapu ya Mzee Kirui ikipita nje na mikebe kumi na miwili.

Mama hakunilaumu kwa neno wala kwa jicho, na Senge hakujua. Tulisema ni foleni. Mistari mipya ilipochorwa tuliendelea: kumi na tano, kumi na sita. Nilikuwa mkali sana wakati huo, simruhusu hata kujifuta jasho. Kwenye ishirini na moja hakuweza tena kulala chali, kikohozi kilimwinua. Wakampiga picha, na daktari akatuambia kansa imefika mapafuni, na kwamba hakuna haja ya kumsumbua na mionzi tena. Nilimuuliza Madam kwenye korido kama ni kwa sababu ya zile siku. Alinishika bega akasema, "Wewe enda ukae na mama yako." Jibu hilo nimeligeuza pande zote kwa miaka na halina upande unaofunguka. Mama alifariki Kibomet mwezi wa kumi na moja, saa nane mchana, nyuma ya pazia la manjano. Senge alikuwa ameacha kukaanga mandazi mwezi mzima kwa sababu moshi ulimsumbua Mama, hata wateja wake walihamia kwa mwingine. Siku mbili kabla, Mama aliteremsha mkono ukanigusa godoroni. "Ile siku uliniosha," alisema kati ya pumzi. "Hiyo siku nilikuwa mtu." Alitaka kunipa zawadi, na mimi nikaipokea kama hukumu.

Shuleni sikurudi. Nilikaanga mandazi na Senge, nikapalilia mashamba ya watu, nikafungua kibanda changu hapa Tuwan, na Nasimiyu na Barasa wakasoma. Watu husema nilisimama imara. Mimi nilikuwa nalipia siku kumi na tisa.

Nasimiyu yeye hakuchorwa mistari. Siku ya kwanza alirudi kutoka Eldoret akanionyesha nukta tatu ndogo kama mbegu za wimbi, moja katikati na mbili ubavuni. Wiki ya tatu nilimsindikiza, na akiwa ndani nilimuuliza mtaalamu wao, mwanamume mpole wa rika la Barasa, kama mtu aliyeoshwa mistari zamani angeweza kufa kwa ajili hiyo. Aliniuliza mgonjwa alikuwa nani, na kama alikuwa akikohoa kabla. Nikasema alikohoa tangu siku ya kwanza. "Basi pengine ilikuwa imeshafika, mama," alisema. "Pengine. Siku zikipotea si vizuri, siwezi kukudanganya. Lakini pengine." Nilipaswa kuondoka pale nikiwa mwepesi. Nilirudi kwenye benchi nikashika viatu vya mdogo wangu.

Jioni hiyo, jua bado lipo, aliniita bafuni. Mkono wake wa kulia haufiki mgongoni, kwa hivyo mimi humwosha. Nilikuja na kitambaa nilichokikamua sana, nikampangusa mgongo, bega, nikaanza kuzunguka ile sehemu iliyoungua. "Dada, unaniosha kama sahani ya wageni," alisema. "Weka sabuni. Walisema ya kawaida iko sawa, bora usisugue. Na hizi nukta ni tatoo, hazitoki hata uoshe na mchanga." Nikasema nitaweka. Sikuweka. Aligeuka akaniona uso, akafunga bomba. Nikamwambia. Nilimwambia yote nikiwa nimesimama na kitambaa mkononi: kunyolewa, maji ya majani, zambarau kwenye saruji, rula, kalamu mbili, mstari ulionyooka, siku kumi na tisa. Nilipomaliza, matone yalikuwa yakidondoka kutoka kwenye kiwiko chake.

"Rula ilikuwa ya nani?" aliuliza.

"Rula gani?"

"Si umesema kulikuwa na rula."

"Sijui. Ilikuwa tu hapo."

"Ilikuwa yangu. Kona imevunjika kwa sababu Barasa aliigonga kwa jiwe. Uliniita kutoka jikoni, ukaniambia nilete rula na kalamu mbili na nisiseme kwa mtu. Ukafunga mlango mimi nikiwa ndani. Nani alikushikia upande ule mwingine, dada? Mtu hawezi kuchora mstari kwa mtu aliyelala akiwa peke yake." Alikunja vidole kana kwamba bado ameishika. "Uliniambia nisitingishike. Mama aliposhtuka kidogo, mimi nilitingishika. Niliposikia mmeambiwa mngoje, nikajua ule mstari ulipinda kwa sababu yangu, na miaka yote hii nimejua hivyo. Niliogopa kukuuliza."

"Haukupinda," nikasema. "Nasimiyu, haukupinda hata kidogo. Ulikuwa umenyooka. Hilo ndilo lilikuwa kosa."

Akanitazama, maji yakimshuka usoni. Katika kumbukumbu yangu chumba kile kilikuwa na watu wawili siku zote, Mama kitandani na mimi nimeinama. Sasa nikamwona yule wa tatu, mtoto wa darasa la sita aliyemkuta bibi yake amekufa juu ya maharagwe, ameshika ncha ya rula kwa vidole vyote, amebana pumzi. Nilimfungia mlango, kisha nikamsahau humo ndani.

"Osha," alisema.

Nilipaka sabuni kwenye kiganja. Mkono wangu ulikataa kutulia, kwa hivyo aliushika kifundoni kwa mkono wake mzuri, kwa nguvu, hadi ukaacha kutikisika, akauweka pale.